Gauni la Muthetheni

Rafiki yangu Zubair, mpiga picha za mitindo wa Machakos, alichoka na warembo. Mwaka wa tisini na nane akaanza sanaa ya kupiga picha bila kamera: unatandaza nguo juu ya karatasi ya picha gizani, unawasha taa mara moja, kivuli chake kinabaki cheupe.

Kwenye soko la Muthetheni akapata gauni la mtumba, akataja bei.

"Beba tu, mwanangu," alisema muuzaji, akilisukuma kwa fimbo. Tangu lini muuza mitumba akakubali bei ya kwanza?

Gizani, alipokwisha kulitandaza, kitambaa kilichakacha.

"Ummi, ni wewe?"

"Niko nje naanika nguo!" mkewe alijibu kutoka mbali.

Akawasha, akazima, akachovya karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha. Gauni likajitokeza, jeupe. Kisha, taratibu, kwenye ncha za mikono, vikajitokeza vidole.