Jibu la Saa Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, Mpima alivaa kandambili, akachukua daftari na kalamu, akamwambia mkewe, "Naenda kusoma chupa."

"Isalimie," mkewe akasema bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Ukichelewa, chai ikipoa sipashi."

Ndiyo mizaha yao ya kila jioni. Kwa miaka kumi na tisa, mwalimu huyu mstaafu alikuwa akipanda kilima kifupi nyuma ya tangi la maji, ambako ofisi ya hali ya hewa ilimwekea uzio wa waya wenye kipimamvua na kipimajoto. Alisoma vipimo, akatazama anga pande zote nne, akaandika, akapiga simu ofisini. Kanuni ilikuwa moja: andika ulichokiona, si unachokidhani.

Aliivunja mara moja tu.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi kama huu. Jua lilikuwa limewaka siku kumi na mbili mfululizo, na goti lilikuwa likimuuma. Akiwa kitini sebuleni aliandika, "Anga shwari." Tusimlaumu upesi. Mazoea yana usingizi wake, na wachache hawajawahi kulala humo. Haukupita muda, simu ikaita. Alikuwa Mama Tofali, mjane aliyefyatua matofali kule bondeni. Kila jioni alimwuliza swali lilelile.

"Mpima, leo nifunike au niache?"

"Acha tu. Shwari."

Lakini upande wa pili wa kilima, ambako dirisha la sebule halikuangalia, wingu lilikuwa limekwisha kusimama. Upepo ulishuka na mvua ya mawe. Mama Tofali akatoka mbio na turubai kuyaokoa matofali yake mabichi, ukuta wa tanuri ukamwangukia. Walimfukua asubuhi.

Msibani Mpima alisema kwamba alipanda kilimani kama kawaida, akatazama kwa macho yake mawili, akaona anga safi. Watu wakampa pole, na mkewe akamshika mkono. Hakuna aliyejua.

Hakuna aliye hai.

Sasa alisukuma lango la uzio. Harufu ndiyo iliyompokea. Udongo uliolowa... mzito, wa shimoni. Akatazama chini. Ardhi ilikuwa kavu, imepasuka kama kisigino.

Akainamia kipimamvua. Siku ishirini halikudondoka hata tone. Ndani ya chupa mlikuwa na maji mekundu, yamefika shingoni.

"Mpima."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ya chini, kama ya mtu aliyechoka na kazi.

Hakugeuka.

"Leo kuna nini?"

"Sija... sijatazama bado."

"Basi tazama."

Akatazama. Kaskazini, safi. Mashariki, safi. Kusini, safi. Magharibi...

Juu ya mtaa wake palikuwa na wingu moja. Halikuzidi upana wa kiwanja cha nyumba moja. Jeusi pembeni, kijani tumboni, likijizungusha polepole kama maji yanayotafuta tundu. Chini yake lilikuwapo paa moja tu.

Paa lake.

Alizijua dhoruba. Aliwahi kuona upepo ukilivua jengo la shule mabati yote kwa pumzi moja, huku chaki zikibaki zimepangwa kwenye ubao. Aliwahi kuokota mawe ya barafu yaliyojaa kiganja. Rangi ile ya kijani aliijua pia. Zilibaki dakika kumi, pengine nane.

Akapiga simu nyumbani.

"Umesahau miwani?" mkewe akauliza.

Toka nje, kimbilia kwa fundi viatu pale konani, acha kila kitu. Ndivyo alivyotaka kusema. Alivuta pumzi ya kusema hivyo.

"Shwari," mdomo wake ukasema. "Kaa ndani."

Ilikuwa sauti yake hasa. Tulivu, yenye usingizi kidogo. Sauti ya mtu aliyekaa kitini.

"Shwari wapi, bwana? Mbona giza limeingia ghafla? Mabati yanalia huku."

"Acha tu. Shwari."

Akakata simu, akajiziba mdomo kwa mkono. Akapiga tena. Neno likatoka tena, laini kuliko mwanzo. Akajaribu kuandika ujumbe. Vidole vikaandika lilelile. Akapiga mara ya tatu huku machozi yanamtoka, na mdomo ukamwambia mkewe asiwe mwoga kama kuku, arudi kwenye cherehani yake.

"Unaona," sauti ikanong'ona karibu na sikio. "Ni neno jepesi."

Akakimbia.

Alikimbia na goti lake bovu, kandambili moja ikabaki njiani. Nyuma ya tangi alisikia mngurumo usio wa radi, kama lori linalomwaga kokoto. Alipofika kwenye kona ya fundi viatu, barabara ilikuwa kavu. Majirani walisimama milangoni, mikono kichwani. Nguo zilizoanikwa ua wa pili hazikuwa zimelowa.

Nyumba yake haikuwepo. Palikuwa na rundo la matofali, na barafu ikiyeyuka juu yake.

Akapiga magoti akaanza kufukua. Kucha zikavunjika. Alifukua hadi aliposikia mtu akikohoa nyuma yake.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda cha fundi viatu, mkasi wa kushonea bado mkononi.

"Umenipigia mara tatu," akasema. "Mara zote unaniambia nikae."

Mpima akasimama.

"Kuna mwanamke aligonga dirisha. Ana udongo mpaka viwikoni. Akaniambia, 'Toka, dada, sina neno na wewe.' Nikamwuliza, wewe nani? Akasema nikuulize wewe." Akauweka mkasi mapajani. "Ulikuwa kilimani?"

Akaitikia kwa kichwa. Kichwa kilikuwa bado chake.

"Wingu uliliona?"

Akaitikia.

"Uliliona." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Na siku ile ya Mama Tofali, ulipanda kilimani? Usinitikisie kichwa. Nimeishi na wewe miaka thelathini, niambie kwa mdomo wako."

Majirani walikuwa wamesogea. Fundi viatu alizima redio yake.

Mpima alitaka kusema ukweli. Pengine hakuwahi kutaka kitu kama alivyoutaka ukweli ule. Alifungua mdomo, akahisi ulimi ukijipanga wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani akaogopa kuisikia sauti yake mwenyewe.