Mashine Iliyosimama kwa Adhana

Cherehani ya Tibirinzi imekata uzi. Nguo ya harusi inatakiwa Ijumaa.

Ujumbe uliingia kwenye Nokia ya batani wakati meli inatupa kamba Mkoani. Shamima aliusoma mara moja. Akaufuta.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Alishuka na umati wa watu, begi mgongoni, miwani, mtandio wa kijivu. Wachukuzi walimzonga, wakamwacha walipoona hana mzigo wa maana. Kitambulisho chake kilisema ni Khairat, fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Khairat wa kweli alikuwa amekalishwa na Idara ya usalama kwenye nyumba moja Kigamboni, anakunywa chai na kulalamika. Begini mlikuwa na ThinkPad kuukuu, na chini ya betri yake redio nyembamba kama kadi ya benki. Silaha hakupewa. Mkuu wake, Mzee Himid, alimwambia fundi mwenye Glock haoni jioni.

Cherehani ni mashine. Nguo ni video.

Mgeni mmoja aliyejiita Kroll alikodi nyumba Tibirinzi akadai anatengeneza filamu za kitalii. Alikuwa anatengeneza moto. Bandari ya Mkoani inawaka, wenye bunduki wanawapiga watu wa kanzu, damu imetapakaa. Waigizaji wachache, mengine yote ya kompyuta. Hata kiberiti hakikuwashwa. Ijumaa saa saba na nusu mchana, watu wakitoka msikitini, video ingeingia kwenye simu za kisiwa kizima. Wenye mapanga wangekimbilia Mkoani, kusini, na boti za doria vilevile. Huko kaskazini Kroll angeshusha masanduku ya bunduki, pahala ambapo Idara ilikuwa bado haipajui.

Hiyo ndiyo kazi.

Shamima alikuwa na yake ya pili. Mdogo wake Ridha, bingwa wa hayohayo madoido ya filamu, alikuwa hajulikani alipo mwezi wa saba sasa. Mama yao, Bi Ummkulthum, amebaki peke yake Ole. Kila baada ya magharibi alipiga simu na swali lake moja: umempata mwenzio? Shamima alishamwahidi atampata.

Kroll mwenyewe alimfungulia mlango. Alisema Kiswahili safi, cha vitabuni, kisicho na jasho. Alimweleza shida akiwa amesimama. Mashine kumi zinapika picha, fremu moja baada ya moja, zikiongozwa na skripti, maagizo ya lugha ya Python ndani ya Blender, programu ya kuchorea filamu. Zinakwenda vizuri, halafu zote kwa pamoja husimama. Baadaye zinaendelea kama hakuna lililotokea. Mafundi watatu wameletwa kutoka nje. Wamebadili nyaya, wakaongeza feni sita, wakanunua betri kubwa mfano wa beberu. Mashine zikaendelea kusimama.

"Kesho saa saba na nusu," Kroll alisema. "Ikipita, sina haja na fundi."

Shamima hakuuliza maana yake. Aliomba kumbukumbu za mashine, akakaa.

Saa za kusimama zilikuwa zimepangwa kama shanga. Saa kumi na moja alfajiri na kitu. Saa sita na nusu mchana. Saa tisa na dakika arobaini. Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na dakika arobaini usiku. Kila siku kadhaa zilisogea dakika moja. Ijumaa mchana kisimamo kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Mafundi watatu walitazama saa hizo wakaona umeme. Mtu aliyezaliwa kisiwani hahitaji kuambiwa.

Usama, mlinzi wa mlangoni, alileta chai. Mtu wa makamo, mwembamba, maneno tele. Alichungulia kioo akacheka peke yake.

"Hii mashine ina jini, yakhe. Tena jini Muislamu. Mie nikenda kuswali, na yeye anakwenda. Nilimwambia mzungu, akaniona mjinga."

Akaenda zake. Shamima alifungua skripti.

Mistari elfu tatu. Kwenye mstari wa elfu mbili na kitu alikuta kazi ndogo imepewa jina *kabla_mama_hajazima*. Inakokotoa mwendo wa jua hapo mjini Chake, inahifadhi kila kitu, inasimamisha mashine zote. Mafundi walitafsiriwa jina lile, wakadhani ni kinga ya umeme kukatika, wakaogopa kuigusa.

Shamima aliweka kikombe chini polepole.

Nyumbani kwao Ole, ikiadhiniwa, Bi Ummkulthum hakuwa na subira. Redio, televisheni, chochote chenye sauti, huzima. Hakujua kitufe kipi ni cha nini, kwa hiyo alizima swichi kuu. Ridha alipoteza kazi za shule mara ngapi. Hakugombana naye. Aliifundisha kompyuta yake kujihifadhi na kunyamaza dakika moja kabla ya adhana, na tangu hapo hakuandika skripti isiyo na kipande kile. Kilikwenda naye kila kazi, kama mtu anavyokwenda na mkono wake.

Pembeni ya mistari, baada ya alama ya reli, ambapo mashine haisomi, palikuwa na maneno.

*# Wamenichukulia simu.*

*# Kusimama dakika kumi na tano hakutoshi kuwachelewesha. Nimeweka arobaini. Labda atakuja mtu.*

*# Boti itashusha bunduki kwenye mikoko ya Kangagani, Ijumaa hiyohiyo ya video. Nimewasikia.*

*# Wakigundua, basi.*

Mtu alikuwa amekuja. Na kwa tarehe ya faili, wiki tatu zilikuwa zimepita tangu neno la mwisho.

Alimkuta Usama uani anatia udhu. Alimuuliza, kwa sauti ya Dar es Salaam, fundi wa mwanzo, aliyeandika skripti, alikwenda wapi. Usama aliendelea kujimwagia maji. Alisema kijana yule alijiita wa Tanga, mpole, mcheshi. Walimkamata anaruka ukuta. Asubuhi yake wakasema umeme umemrusha.

"Mie ndiye niliyemkosha," Usama alisema. "Umeme hauachi tundu kisogoni, dada."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Lilimtoka kwa lafudhi ya Ole, na mkokoto wake wote, kabla hajalidaka. Usama aliinua uso. Alimtazama yule fundi wa Dar kwa muda mrefu.

"Nina watoto watatu, mimi," akasema taratibu. "Nilinyamaza. Nilimzika vizuri lakini. Wallahi nilimzika vizuri."

Akajipangusa, akaenda msikitini.

Shamima alifunga mlango wa choo, akaweka ile redio ya kadi sikioni.

"Nanga, hapa Chewa."

"Sema, Chewa."

"Mikoko ya Kangagani. Kesho, wakati wa Ijumaa. Msiende kusini hata mkisikia nini."

"Una hakika?"

"Aliyesema alikuwa na hakika."

Mzee Himid hakuwa mtu wa kuchelewa kuelewa.

"Chewa, ni Ridha?"

"Nanga, nimemaliza."

Kroll alirudi alasiri na bastola yake akaiweka juu ya meza, kama mtu anavyoweka funguo. Glock 19. Alitaka kuonyeshwa. Na Shamima alimwonyesha, kwa kuwa fundi asiyeona kosa kufikia saa ile angekuwa maiti, na video ingepata fundi mwingine. Alimwambia aliyeandika alikuwa mtu wa kuswali, mashine zinasimama kila adhana. Kroll alicheka mpaka akakaa. Feni sita. Alihesabu feni akacheka tena.

"Futa," akasema.

Hakuwa na nafasi ya kunakili. Jicho la Kroll lilikuwa begani mwake. Alizungushia rangi mistari yote, pamoja na maneno ya pembeni, vitu vya mwisho vya mkono wa mdogo wake duniani.

Akabonyeza.

Ndivyo alivyofundishwa.

Feni zilinguruma. Kroll alisogea dirishani kupiga simu, na Shamima akashuka hadi mwisho wa skripti. Palikuwa na mstari mmoja unaotoa picha ikishakamilika: bandari, juu yake waigizaji, juu yao moto, juu ya moto damu, halafu toa. Hakubadili hata herufi. Aliusogeza ndani kwa nafasi nne tu, ukaingia kwenye mzunguko unaoongeza tabaka. Kwa Python hilo linatosha. Sasa mashine ingetoa picha baada ya kila tabaka, zote, kwa mpango.

Kroll alirudi akakagua fremu ya mwisho. Moto, damu. Aliridhika.

Ijumaa. Saa sita Usama alivaa kanzu akaenda msikitini. Saa saba na dakika ishirini mashine zilimaliza. Hapakuwa na muda wa kuitazama video yote. Kroll alibaki kutazama saa.

Saa saba na nusu.

Ikaenda.

Barabarani watu walikuwa wanatoka kwa makundi, simu zinalia mifukoni. Kroll alisogea dirishani kusikiliza kelele alizozinunua.

Alisikia kicheko.

Alifungua simu yake. Bandari imetulia, peupe, na juu yake kimebandikwa kitambaa cha kijani cha waigizaji. Wenyewe wamesimama bila tone la damu, mmoja anakula ndizi. Halafu moto unabandikwa, kisha damu, kipande kwa kipande, mbele ya macho ya kisiwa. Picha baada ya picha.

Aligeuka na kuikimbilia bastola mezani.

ThinkPad kuukuu ni nzito. Ilimpata kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, Glock ikaanguka. Shamima aliiokota.

"Nani wewe?" Kroll aliuliza, ameshika mkono.

"Dada yake fundi wa kwanza."

Kidole chake kilikaa kwenye kifyatulio kwa muda. Chini, Land Cruiser ya Idara ilifunga breki. Alitoa magazini ya risasi, akaitia mfukoni, akawafungulia mlango.

Redio ilisema Kangagani: masanduku arobaini na mawili, watu tisa, hakuna aliyeumia. Ilisema pia apande meli ya jioni Mkoani. Habari za Ridha zitafichwa mpaka kesi iishe. Hata kwa familia.

"Hiyo ni amri, Chewa."

"Nimesikia, Nanga."

Usama alimpeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado haujatua vizuri. Waliomba dua bila kutazamana. Kisha Usama aliuliza marehemu aliitwa nani hasa, na Shamima akamwambia.

Njia panda, gari la Mkoani lilikuwa linapiga honi. Shamima alilipita. Alipata mtu wa bodaboda anayekwenda kaskazini, akashukia Ole kwenye njia ya miguu, akatembea mwendo wake uleule, hakuharakisha wala hakukawia, kati ya mihogo na majamvi ya karafuu. Simu ilianza kutetemeka. Mama. Hakuipokea, nyumba ilikuwa inaonekana.

"Hodi."

Ndani kitu kiliwekwa chini haraka. Sauti ilitoka imejaa furaha.

"Karibu, mwanangu. Mko wawili?"

"Niko peke yangu, mama."