Kijiti Ndani ya Besi la Bwana Reno

Besi lilijibu kwa kuchelewa. Hilo ndilo lililomshtua Lukumani kwanza. Kila fundi anajua kwamba chombo chenye nyuzi huvuma kikisikia kelele. Ukikohoa karibu nacho kinavuma, ukigonga nyundo kinavuma, lakini huvuma papo hapo. Hili lilingoja. Mwanamvua, binti yake wa miaka saba, aliwaita kuku uani, akamaliza, akaingia jikoni, na uani pakawa kimya kabisa. Ndipo lile dude, fidla nene lenye kimo cha mtu, lililoegemezwa ukutani mwa karakana likatoa mvumo mmoja wa chini, na Lukumani akausikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni.

"Ni joto tu," alijiambia. Mwanaume akianza kujituliza peke yake saa sita mchana, ujue ameshaogopa.

Ulikuwa mwaka 1951, na ule mradi wa karanga wa Nachingwea ulikuwa unakata roho. Wazungu waliokuja na matrekta kwa mbwembwe, wakang'oa pori mpaka ndege wakakosa pa kutua, sasa walikuwa wanafunga mizigo. Bwana Reno, Mfaransa fundi mitambo aliyepiga besi kwenye dansi la klabu yao, naye alikuwa anarudi kwao. Hakutaka kuondoka na besi bovu, akamletea seremala Lukumani.

"Fundi, hili si la dukani," alimwambia, akilipapasa mabega kama mtu na ng'ombe wake. "Limechongwa Mirecourt, mji mdogo wa kwetu. Huko kila mlango una fundi wa fidla. Aliyelitengeneza ni mzee Votrini, jirani wa babu yake babu yangu. Zamani lilikuwa na nyuzi tatu tu. Huu wa nne umeongezwa baadaye."

Lukumani alilifungua mgongo kwa kisu cha moto, gundi ya ngozi ikaachia taratibu. Ndani, mahali ambapo hakuna mnunuzi angechungulia, alikuta alama za randa ya mzee Votrini, zote zimekwenda upande mmoja, safi. Alimpenda yule marehemu palepale. Fundi humjua fundi hata kama wametengwa na bahari na miaka mia.

Ubovu ulikuwa kwenye kijiti. Ndani ya besi husimama kijiti kimoja, unene wa kidole gumba, kimekazwa kati ya kifua na mgongo bila gundi wala msumari. Kikianguka, besi linageuka sanduku. Cha mzee Votrini kilikuwa kimepasuka kwa jua la kusini.

Hapo ndipo Lukumani alipokosea, na jambo la kusikitisha ni kwamba alikosea kwa heshima. Alitaka mti mkavu, ulionyooka, unaostahili kazi ya yule mzee. Nje ya mji matrekta yalikuwa yameburura miti na kuirundika, na katika rundo lile ulilala msolo mmoja mkubwa ambao wenyeji walikuwa wakimimina unga kwenye shina lake na kuomba mvua. Hakuna aliyethubutu kuokota hata kuni pale. Lukumani alijua. Alijiambia mti uliouawa na trekta hauna mwenyewe tena, akakata kipande. Hata hivyo, alipokwisha kusimamisha kijiti chake, alichukua unga wa mtama, akanyunyiza ndani ya besi, kwenye kitako cha kile kijiti. "Wenyewe mnisamehe," alinong'ona, "natafuta riziki." Alidhani amemaliza adabu. Kumbe alikuwa amekaribisha mgeni.

Mchana uleule ndipo besi lilipovuma mara ya kwanza. Kesho yake halikuvuma tu. Lilikuwa na harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa, na kiangazi kile hapakuwa na wingu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya unga uliochacha. Mwamini, mkewe, alikuja mlangoni pa karakana, akasimama nje ya kizingiti.

"Baba Mwanamvua, nani yumo humo?"

"Hamna mtu."

"Kuna mtu ananiita mama."

"Mwanamvua huyo."

"Mwanamvua yuko hapa," alisema Mwamini kwa sauti ya chini kabisa. "Nimemshika mkono."

Na kweli alikuwa amemshika. Mtoto alimtazama baba yake, akafungua mdomo kumwamkia, sauti ikatoka imekwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Kufikia jioni ilikuwa mnong'ono. Kulipokucha midomo ilicheza na hapakutoka kitu, na wakati huohuo, kutoka karakana, sauti nzuri ya Mwanamvua ilikuwa ikiwaita kuku, ikicheka, ikisema mama, mama, mama, na baada ya kila neno ukaja ule mvumo mzito, kama mtu mzima anayejifunza kutamka, mpaka kuku wenyewe wakakimbilia chini ya ghala wakakataa kutoka, na Mwamini akamfunika mtoto kwa kanga masikio yote mawili, ingawa alijua kwamba kinachoibwa hakiibwi kupitia masikioni.

Magharibi ilipoingia Lukumani alijikaza. Alichukua koroboi na ule waya uliopinda wa kusogezea kijiti, akachungulia kwenye tundu la kifuani mwa besi. Unga haukuwepo. Palikuwa pamelambwa, mbao inang'aa. Kijiti kilisimama palepale alipokiweka, lakini kitako chake kilikuwa kimetoa mizizi, myeupe, myembamba kuliko uzi, imetambaa juu ya alama za randa za mzee Votrini na kuzama katika mbao yake, na mingine ilikuwa bado inatembea, polepole, ikitafuta pa kuingia. Aliingiza waya, akakinasa kijiti, akavuta, nacho kikavuta kwake, na alipovuta kwa nguvu zaidi nyuzi zote nne zikatetemeka bila kuguswa, na sauti ya binti yake ikasema kutoka ndani, karibu kabisa na shavu lake:

"Baba, unaniumiza."

Aliuachia waya, akatoka kinyumenyume.

Alfajiri alipanda baiskeli. "Msiingie karakana," alimwambia mkewe. "Naenda kutafuta mtu." Hakumwambia kijiti alikitoa wapi. Aliona haya. Heri angeona haya siku ile msumeno ulipokuwa mkononi.

Bibi Biasha ndiye aliyekuwa akitambika chini ya msolo ule. Matrekta yalipokuja, ukoo wake ulihamia upande wa Ruangwa, kule Mbwemkuru. Lukumani alifika jua linazama, miguu imekufa, akamweleza yote, safari hii bila kuficha.

Kikongwe alisikiliza huku akichambua ufuta kwenye ungo.

"Yule wa msolo hakuwa mbaya," alisema. "Tulimwita, tukamlisha, akakaa. Walipomng'oa hakuna aliyemwambia aende wapi. Wewe umempa nyumba, mwanangu. Halafu ukampa chakula."

"Na mtoto wangu, bibi? Kakosa nini?"

"Hajakosa. Yule amekaa muda mrefu hajaitwa na mtu. Sasa kachukua sauti ajiite mwenyewe."

Lukumani alilia mbele yake bila kujificha. Kikongwe alimwacha amalize.

"Lete zeze hilo zima," alisema. "Hapa tuna msolo ulio hai. Nitamwita kwa jina lake, atatoka kunifuata, na sauti ya mtoto ataiacha, hana kazi nayo. Usilipasue, usilichome. Na lisivuke maji. Likivuka maji, mimi siwezi kitu."

Alilala palepale, akaondoka nyota zikiwa bado juu, na njia nzima alikanyaga pedali akiwa na furaha inayotisha, ya mtu aliyeambiwa ugonjwa una dawa. Alifika nyumbani mchana. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Kuku walikuwa nje. Mwamini alitoka kumpokea akitabasamu, mara ya kwanza tangu yaanze.

"Limekwenda," alisema.

"Nini kimekwenda?"

"Lile dude. Bwana Reno amekuja na lori, safari yake imewahishwa. Nimemfungulia mlango mwenyewe, nikamsaidia na kulibeba. Tumepona, Baba Mwanamvua. Hata harufu imeisha."

Lukumani alitaka kumkemea, akashindwa. Angemkemea kwa lipi? Alimbeba mtoto kwenye baiskeli, akatimka kwenda stesheni, Mwamini nyuma yao anakimbia pekupeku, bado hajui anakimbilia nini.

Treni ya pwani ilikuwa imeanza kusogea. Huko pwani kuna bandari, na mbele ya bandari ni maji matupu hadi Ufaransa. Behewa la mizigo lilikuwa limefungwa kwa komeo. Lukumani alimtelemsha mtoto, akakimbia sambamba nalo, akigonga mbao kwa viganja, akimwita Bwana Reno, na mapagazi wakamcheka wakidhani ni mdai. Halafu wakanyamaza, maana kutoka ndani ya lile behewa mtoto wa kike alikuwa akiita.

"Baba," iliita sauti ya Mwanamvua. "Baba. Baba."

Mtoto akiita huitikiwa. Lukumani hakujua kufanya vingine.

"Naam, mwanangu," aliitika. "Naam. Naam."

Aliitika mpaka jukwaa likaisha, mpaka behewa la mwisho likapinda. Alibaki amesimama ukingoni, anaitika bado. Mwanamvua alimkimbilia, akamvuta shati, akamvuta tena mpaka akageuka, kisha akajipigapiga kifuani kwa kiganja, kumwonyesha kwamba yupo hapa.