Mwalimu Alipima Pumzi, Miguu Hakuitazama

Pa, pa, pa, pa... Mpaka leo, kabla jua halijachomoza ng'ambo ya ziwa, naisikia sauti ile. Ni nyayo tupu juu ya barabara ya mchanga, hazina haraka, hazina uchovu, zinafuatana kama mtu anayetwanga taratibu. Ningeweza kuzitambua kati ya nyayo za mji mzima. Zilikuwa za Kashindi wangu!

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu. Naitwa Faida, naishi Nyamianda, hapa Uvira, pamoja na mama yangu. Sikusoma sana, niliacha shule ya misheni baada ya kujua kuandika na kujumlisha. Lakini tangu utotoni napenda kuota ndoto mchana, macho wazi, na kucheka peke yangu. Watu walisema nimezaliwa na jua mdomoni. Sasa nisomeni, muone jinsi jua hilo lilivyozama.

Kashindi alikuwa kijana wa Songo, mwana wa mvuvi, mwembamba, mpole, mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Baba yake alikuwa ameshakuja kwetu na pombe ya ndizi, na wazee walikuwa wameshakubaliana. Tulikuwa tunangoja tu.

Tunangoja nini? Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Samweli.

Mwalimu Samweli alifundisha pale misheni. Mwaka ule wa uhuru, wakati sisi tulipokuwa bado tunacheza ngoma za bendera mpya, redio ya misheni ilitangaza kwamba Mwafrika mmoja, bila viatu, amewashinda watu wa dunia nzima huko Ulaya katika zile mbio ndefu kuliko zote. Mwalimu alitoka mle ndani machozi yakimtiririka. Akasema yule si wa mwisho. Hata hapa Uvira yuko mmoja, ila hatujamjua!

Akaanza kumtafuta. Kila Jumamosi aliwapanga vijana kwenye daraja la Mulongwe, wakimbie mpaka bandari ya Kalundu na kurudi. Lakini alikuwa na desturi yake ya ajabu. Ukifika, hukai chini, hunywi maji. Unasimama mbele yake unaimba ubeti mzima wa wimbo wa Bikira Maria, mpaka neno la mwisho.

Jamani, tulicheka! Sisi wasichana wa kwaya tulienda pale kama watu wanaokwenda kwenye sherehe. Wa kwanza alifika, akafungua mdomo, akatoa sauti ya chura. Wa pili aliimba maneno mawili akatapika. Kashindi alifika wa tatu, na vijana wakaanza kumzomea.

“Wa tatu! Apewe mkia wa samaki mukeke!”

Yeye akasimama, akafuta jasho, akaimba. Ubeti mzima. Neno la mwisho akalivuta, akalivuta, mpaka akina mama waliokuwa wanaanika ndagala, wale dagaa wetu, wakaacha kazi yao wakageuka.

Mwalimu aliwageukia wale waliomzomea. Kisha akasema, “Wale wawili wamemaliza mbio. Huyu hata hajaanza.”

Siku ile ile akaja kwetu na kwao, akatueleza utabiri wake. Alisema mbio ndefu si mbio za watoto, ni mbio za mtu aliyekomaa. Kashindi ana pumzi ambayo haihitaji kupimwa mara mbili, lakini mifupa yake bado mibichi. Alelewe polepole, hata harusi ingoje. Akifika miaka ishirini na mitano hivi, hapo ndipo dunia itamjua. Nakumbuka maneno yake kama katekisimu: “Huyu ni mbegu. Mkimkimbiza sana leo, mtakuwa mmekula mbegu. Na mkulima anayekula mbegu, mwaka ujao atakula nini?”

Basi tukamlea. Kazi yangu mimi ilikuwa beseni. Kashindi alikimbia alfajiri, akapita kwetu wakati wa kurudi, nami nilikuwa nimemwekea maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nilimwosha miguu kwa sabuni ya mawese, nikamtoa miiba kwa sindano, nikampaka mafuta kwenye kisigino cha kushoto, maana kile kisigino kilikuwa na ufa usiopona. Majirani walinitania, “Weye Faida, unaosha miguu tu, sahani utaosha lini?” Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha kiasi gani!

Na ndoto zangu je? Nilipokuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nilijifanya mtangazaji wa redio. Mchi chini, mchi juu, “Anaingia uwanjani... ni yeye... Kashindi wa Uvira!” Mama alinipigia kelele kutoka jikoni, “Weye, acha kutangaza! Sombe iko naruka yote inje, hiyo redio itatupa mboga?” Nilishajichagulia hata kitenge nitakachovaa siku hiyo, cha rangi ya ziwa.

Miaka ikapita. Kashindi akawa na ishirini, akawa na ishirini na moja...

Kisha vita vikaja.

Waasi waliingia Uvira na majani vichwani, wakipiga kelele, “Maji! Maji!” Mganga wao alikuwa na dawa, walisema, ambayo inageuza risasi kuwa maji. Mapadri walikuwa wametoweka. Shule ilifungwa. Na ni nani niliyemwona amekaa mbele ndani ya gari la waasi, na kipande cha ngozi ya chui kwenye kofia? Mwalimu Samweli! Sasa alikuwa mkubwa wao, watu walimpigia saluti.

Siwezi kumhukumu kwa kuwa muasi. Wengi walikuwa na machungu yao, na wengi waliamini. Ninamlaumu kwa jambo jingine.

Waasi hawakuwa na petroli ya kutosha. Walihitaji mtu wa kupeleka habari kutoka mjini hadi kwa wenzao kule Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, na kurudi na majibu. Mtu asiyechoka. Na Mwalimu alimjua mtu huyo. Ni yeye mwenyewe aliyemvumbua!

Alikuja kumchukua kwa maneno matamu, kama baba. Nilimfuata mpaka barabarani nikamuuliza mbele ya askari wake, “Mwalimu, si ulisema ni mbegu?”

Akanishika bega. Akasema nisiogope, hayo ndiyo mazoezi yake. Vita vikiisha, nchi mpya itampeleka Ulaya kwa ndege, nami nitapanda naye. Halafu akaniambia sheria. Kashindi amenyunyiziwa dawa. Tangu sasa asiguswe na mwanamke. Asile chakula cha mkono wa mwanamke. Asipokee hata maji, wala asizungumze naye. Siku atakayovunja mwiko, risasi zitamwona.

Niliamini? Ndiyo, wasomaji wangu. Niliamini kabisa. Ungekuwa wewe, ungejaribu kwa maisha ya umpendaye?

Hapo ndipo upweke wangu ulipoanza. Alfajiri nilisikia, pa, pa, pa, pa... anakuja. Nilikaa nyuma ya mlango, beseni mbele yangu, maji yakipoa. Anafika. Anapita. Hakuruhusiwa kusema nami. Lakini Kashindi alikuwa mwerevu! Kuimba hakukukatazwa. Akikaribia nyumba yetu alianza ule ubeti, na neno la mwisho alilivuta mpaka mbele kabisa ya mlango wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yetu. Nilijua pumzi ipo, basi mtu wangu yupo. Kisha nayamwaga maji uani, na siku nzima sisemi na mtu.

Upweke wa kufiwa nimeujua baadaye. Lakini upweke wa kumsikia umpendaye akipita hatua chache kutoka kwako, na kati yenu ni ubao wa mlango tu... ule ni mbaya zaidi!

Alipita mara nyingi mno. Mtu mwenye farasi angempumzisha farasi. Mwalimu hakumpumzisha Kashindi.

Halafu alfajiri moja sauti ilibadilika. Pa... pa-pa... pa... pa-pa... Nilijua mara moja. Kisigino cha kushoto! Ule ubeti ulianza, ukafika katikati, ukakatika.

Niliruka nikashika komeo. Kutoka nje akanisikia, akasimama. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu vita vianze kuisikia sauti yake ikisema nami.

“Faida, usifungue.”

“Mguu wako, Kashindi! Miye nasikia mguu wako!”

“Ni musumari tu wa mbao za daraja, umenichoma. Usifungue, mupenzi. Masasi iko napita juu yangu kama mvua na hainioni. Ukinigusa, itaniona.”

Mama naye alinishika kanga kwa nyuma, akaninong'oneza nimwache aishi. Basi sikufungua. Nikamwambia asogee mbali kidogo. Nikatoa beseni, nikaliweka kizingitini, nikarudi ndani, nikafunga. Nilifikiri maji yakikaa peke yake hayana tena mkono wa mwanamke. Nilimsikia akisimama pale. Nilisikia pumzi yake. Kisha pa... pa-pa... akaenda zake.

Kulipopambazuka nilitoka. Maji yalikuwa vile vile. Vijidudu vya ziwa vilikuwa vinaelea juu.

Nyayo hazikupita tena.

Baadaye mtoto wa shangazi yake alikuja kuniambia kwamba Kashindi amelazwa katika ghala ya pamba, kambini kwa waasi. Mguu umevimba mpaka gotini, na taya limejifunga, hawezi kufungua mdomo. Nani asiyeijua pepopunda? Nilikimbia mimi, mchana kweupe, kichwa wazi, mpaka kambini.

Pale mlangoni walinzi wakanizuia. Mwanamke haingii! Unataka kutuua sote? Nikawa nawasihi, mara nikatazama kando, chini ya paa la makuti.

Mwalimu Samweli alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mbele yake mke wake amepiga magoti, amemshikia beseni, anammwagia maji ya kunawa mikono. Ugali uko mezani, unafuka moshi, na mukeke wa kukaanga...

Sikulia. Nilimwita tu, “Mwalimu! Na sheria?”

Mkewe aliinamisha kichwa. Mwalimu hakuniangalia. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayerekebisha hesabu ubaoni, “Sheria ni ya wale wanaokwenda mbele, vitani.”

Basi alijua! Alijua tangu mwanzo kwamba mkono wa mwanamke hauiti risasi! Mwiko ulikuwa kamba ya kumfungia mkimbiaji wake, asikae kwangu, asipumzike, asikumbuke nyumbani. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nilishika upande mmoja wa kamba ile nikidhani namwokoa.

Nilipita katikati ya walinzi, na sijui kwa nini hawakunipiga. Kashindi alikuwa amelala juu ya magunia, mwili umejikunja kama upinde. Nikamshika. Nikamshika mikono, uso, ule mguu! Macho yake yalinitambua. Alitaka kusema nami, lakini taya halikumruhusu. Pumzi ile ambayo haikuhitaji kupimwa mara mbili, nikaisikia ikipungua puani mwake, taratibu, bila haraka, mpaka ikaisha. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Hakuna risasi iliyomwona hata siku moja.

Mwalimu alikuwa amesema kweli. Huyu alikuwa hajaanza.

Serikali ilipouchukua tena mji, Mwalimu alikuwa ameshavuka ziwa na mkewe. Nasikia huko ng'ambo anafundisha tena, na kwamba siku za Jumamosi huwapanga watoto barabarani wakimbie, kisha waimbe. Mungu awalinde watoto wale.

Ndugu zangu, dada zangu, nawaomba kwa machozi. Mtu akikwambia mwanao au mchumba wako atakuwa mkubwa miaka ijayo, shukuru, lakini mtazame mguu wake wa leo. Anayeona mbali sana anaweza kumkanyaga aliye karibu. Na ukiambiwa kwamba kumpenda mtu ni kukaa mbali naye na kunyamaza, muulize anayekwambia: na wewe nyumbani kwako, nani anakunawisha mikono? Usiseme utauliza kesho. Fungua mlango!

Mimi bado naota ndoto, siwezi kuacha, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini redio sitangazi tena. Natwanga kimya, na mama siku hizi ananiomba nipige kelele kidogo.

Jumamosi iliyopita niliamka kabla ya watu. Nilivua kandambili zangu pale darajani Mulongwe, nikafunga kanga kiunoni, nikakimbia. Nilikimbia nikatembea, nikakimbia tena, mpaka Kalundu na kurudi. Jua lilikuwa limeshatoka ziwani nilipofika. Sikukaa chini. Nilisimama mbele ya pale alipokuwa anasimama Mwalimu, nikaanza ubeti. Neno la mwisho sikulifikia.

Nikarudi nyumbani. Nikapasha maji, nikatia chumvi, nikakaa kizingitini, mlango wazi nyuma yangu. Kisha nikaosha miguu yangu mwenyewe, wa kulia, halafu wa kushoto, nikakitazama kisigino vizuri kabla sijakifuta.