Kikohozi Nyuma ya Dirisha ya Mukwe

Mwaka wa 1999, nikiwa na miaka makumi tatu na tatu, bwana yangu alikufa, na taabu yangu ilianza siku ile ile. Kisha matanga, bandugu yake balikuja na mukokoteni. Balibeba kitanda. Balibeba radio. Balimwanga bukari, ugali yetu, chini, juu babebe sufuria. Hata muliango wa nyumba baliungoa... Kitu kimoja tu balinibakishia: Numbi, mutoto wetu mwanamuke, miaka tatu. Balisema mutoto mwanamuke ni kinywa cha kukula tu.

Basomaji, mi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa tatu wa masomo ya musingi, baba akasema inatosha. Ninaandika sawa vile ninasema. Mwenye kutaka kucheka acheke, lakini asome mupaka mwisho.

Nilibeba makala ya kupikia ku kichwa miaka ine. Kisha nilifungua malewa ku Kapata, mabati sita na mabenchi mbili kando ya njia, nikaanza kupikia bachimbaji ba mawe bukari na samaki. Hakuna mutu alinisaidia. Hapana ndugu, hapana padri, hapana mukubwa wa serkali. Numbi alisoma mupaka akapata diplome, na kila herufi ya ile diplome ni moshi yenye iliingia mu macho yangu.

Banza alikuwa mumoja wa bale bachimbaji. Mutoto wa Bukama, mupole, anakula anainamisha kichwa. Siku alileta bakubwa bake kuomba Numbi, kitu kimoja kilinifurahisha kuliko byote: alijua bukwe.

Kwetu, mama na mukwe wake habaangaliane mu macho. Habakule pamoja. Mi siwezi kuingia mu nyumba kwenye mukwe iko, na kama kuko neno, mutu mwingine anasimama katikati analibeba. Inakuwa vile mupaka siku mukwe analeta kuku, kuku ya kufungua bukwe. Mukishaikula, haya inapunguka, munaweza kusalimiana sawa batu.

Banza hakuleta ile kuku. Mwaka moja, miaka mbili... hakuleta. Bamama ba soko balinicheka: "Mukwe gani huyu, hata kuku?" Nilibajibu na kiburi yangu yote: "Bakwe benu banaleta kuku juu banatafuta pa kukula kila siku. Wangu ananiheshimu."

Munaona ujinga? Mi niliona heshima. Yeye alikuwa anajenga ukuta.

Alimubeba Numbi kwao ku Bukama, kufanya biashara ya samaki. Mwanzo mutoto alikuwa ananipigia simu kila siku ya yenga kisha misa. Kisha simu ikaharibika, basema. Kutoka pale neno lilikuwa linapita kwa Odette, dada ya Banza: "Mama, Numbi anakusalimia, iko muzuri." Kila mara muzuri. Ni nani iko muzuri miezi tatu bila kulalamika hata ku mama yake?

Siku moja muuzishaji wa samaki mwenye kutoka Bukama alikuja kukula kwangu. Akaniambia: "Mama, ule mutoto wako, sijamuona ku soko tangu mwezi wa kumi. Aliacha kuuzisha?"

Mukono wangu ulisimama ndani ya sufuria.

Mu mwezi wa kwanza kuko congé mbili, siku za kupumuzika, zenye kufuatana, na mwaka ule zilishikana na siku ya yenga. Nilifunga malewa siku ine, kitu sikuwa nimefanya hata wakati wa malaria. Nilipanda gari mupaka Lubudi, na pale ku gare nilipanda treni peke yangu. Bandugu balitaka kunisindikiza, nikakataa. Mi nimetembea peke maisha yote, ni treni gani itanitisha?

Treni ile... Mvula ilikuwa inanyesha inje, na ndani pia inanyesha. Tulikaa tumefungua miavuli ndani ya wagon sawa bapumbafu. Muzee moja alikaa mbele yangu na gunia ya mihogo, akanichokoza:

"Mama, unasafiri peke na hii mvula? Unaenda kutafuta bwana?"

"Bwana yangu alikufa, tata. Na wewe, vile ninakuona, uko mu njia ya kumufuata."

Wagon yote ilicheka. Na mi nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho mwaka ule.

Tulifika Bukama siku ya posho, kesho yake yenga, saa sita ya muchana. Muto ulikuwa umejaa, maji imefika karibu na nyumba za ku port, matope mupaka ku magoti. Niliuliza njia mupaka kwa Banza. Odette alinikutia ku lupango, mu kiwanja ya nyumba. Hakufurahi, na hakushangaa. Alisimama mbele ya muliango na akasema pole pole:

"Mama, karibu. Lakini mukwe wako iko ndani, iko mugonjwa. Hapana kuingia."

Nilirudi nyuma bila kuuliza. Hata nilifunika uso na kitenge. Mi, mwenye kugombana na bachimbaji ba kila aina, nilirudi nyuma sawa mutoto mwenye kukosa!

Niliuliza Numbi iko wapi. Odette alisema ameenda na pirogue, mutumbwi, ku kilio, ku kijiji juu ya muto, atarudi kesho. Alinipa kiti, nikakaa chini ya mabati ya nyumba, karibu na dirisha yenye kufungwa, juu mvula ilikuwa nguvu.

Na pale nilisikia kikohozi. Kikavu, kifupi, kinakatika, kinaanza tena. Nikasema sauti kubwa: "Odette, mukwe wangu anateseka." Akajibu: "Ni baridi tu, mama."

Sikilizeni sasa kitu nilifanya. Kwetu si muzuri mama mukwe asikie mukwe wake anakohoa mu kitanda. Ni haya. Basi nilisimama, nikabeba kiti changu, nikavuka mvula, nikaenda kukaa ku jikoni ya Odette, mbali na dirisha. Nilitoa hata ile mafuta ya kupakala ku kifua, nikampa Odette amupelekee mukwe.

Siku ya yenga, Numbi hakurudi. Odette akasema: "Muto umejaa, pirogue haiwezi kushuka." Kikohozi kilikuwa kinaendelea. Kila mara nilisema kitu kwa sauti, kinakuwa kingi. Na mi, nikashusha sauti yangu, juu nisisumbue mugonjwa...

Kesho ya yenga, treni ya kurudia ilikuwa inapita asubui. Nilisema nitarudi mwezi wa pili, wakati maji itapunguka. Nilimubakishia Numbi kitenge mupya na samaki ya kukauka, nikaenda ku gare na kasirani. Ndiyo, nilikuwa nimemukasirikia mutoto wangu. Ku kilio gani anakaa siku tatu?

Ku gare mwanaume moja alikuwa anashusha gunia za samaki. Mabega ya nguvu, anaimba. Aligeuka, akaniona, akajificha nyuma ya wagon na mukono ku uso, vile mukwe anafanya.

Banza. Muzima. Hata mafua hana.

Nilisimama pale na kifuko changu. Kama Banza iko hapa anaimba, ni nani anakohoa kwake?

Sijui treni iliondoka saa ngapi. Nilipanda taxi-moto ya kwanza, nikaanguka mara mbili mu matope. Odette alikuja na mikono wazi ku muliango: "Mama, bukwe!" Nilimusukuma. Nilivunja kitasa na jiwe la kusagia.

Numbi alikuwa juu ya mukeka. Mifupa na macho. Alikuwa ametoa mimba mwezi wa kumi, na tangu pale hakusimama tena. Banza alikuwa amechukua mwanamuke mwingine ku upande wa soko, analala kule. Alijua mi nikimuona mutoto wangu nitamubeba, na Bukama yote itajua. Basi alimufungia, na bukwe ndiyo ilikuwa kifungulo.

Numbi aliniambia maneno machache. Nilibebesha haya maneno mwili wangu, na nitazikwa nayo:

"Mama, nilisikia sauti yako tangu posho. Nilikuita, sauti haikutoka. Nikaanza kukohoa juu unisikie... Kisha nikasikia kiti chako kinaenda."

Tulimufikisha ku hospitali siku ile ile. Munganga alifanya yote. Alisema mapafu yamekwisha kujaa maji, na kila siku ilikuwa na bei yake. Sikumuuliza siku ngapi. Nilijua kuhesabu mwenyewe. Alikufa siku ya tatu asubui, mukono wake mu mukono wangu. Miaka makumi mbili na sita.

Ku matanga, Banza alikuja. Na munajua alileta nini? Kuku. Mweupe, miguu imefungwa. Bakubwa bake balisema amekuja kufungua bukwe, tuweze kuongea. Nilimuangalia mu macho kwa mara ya kwanza, mbele ya batu bote. Macho ya kawaida tu, sawa ya mutu yeyote... na ni haya macho niliogopa? Nilimuambia: "Kula na mwanamuke wako. Mi na wewe tulishafungua bukwe na jiwe."

Bamama, ninawaambia bila kubembeleza. Heshima ni kitu kizuri, na mi ninaishika mupaka leo. Lakini mutu mwenye kutumia heshima juu usione mutoto wako, huyo hakuheshimu, anakuficha kitu. Muombe ile kuku siku ya ndoa, mbele ya bote, muikule. Na kama banakuambia usiingie, ingia. Haya itapita kwa siku mbili. Ile yangu haipiti. Na kama unasikia mutu anakohoa nyuma ya dirisha, tafazali... usisogeze kiti.

Leo niko na miaka makumi sita kasoro moja. Niko na nyumba ya simenti ya byumba sita ku Dilala, na muliango wa chuma. Niko na malewa mbili, ya Kapata na ya njia ya gare. Niko na taxi-moto mbili. Niko na frigo moja ya kupoza samaki. Niko na kiti kimoja cha mbao nilinunua kwa Odette kwa nguvu, na hakuna mutu anakikalia. Na ku Bukama, pahali pa juu kwenye maji haifike, niko na kaburi moja, la simenti, limelipwa lote.