Vizibo vya Kiti cha Ma Kokubanza

Wakati wa likizo Joviana hakuwa mtu wa kuamshwa mara mbili. Akishaosha vyombo na kumpelekea mbuzi maganda ya ndizi, huyoo, mbio mpaka kwenye karakana ya baba yake, hatua chache kutoka nyumbani kwao Kibeta. Hapo alifagia maranda, akapanga skrubu kwa ukubwa na kukung'uta vumbi kwenye patasi. Alikuwa darasa la sita, na wenzake walishazoea kumtania kwamba nywele zake zinanukia mbao.

Baba yake, fundi Avit, alisifika mjini Bukoba kwa kitu kidogo mno: vizibo. Mafundi wengine hufukia vichwa vya skrubu kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, basi, kazi imekwisha. Fundi Avit hakutaka kusikia habari hiyo. Yeye alichonga tundu la mraba juu ya kila skrubu, akaliziba kwa kipande cha mpingo cheusi tii, chenye kichwa laini kilichotokeza kidogo kama kifungo cha koti. Watu waliokuja kuangalia viti vyake hawakuweza kuacha kuvigusa vizibo hivyo kwa kidole.

Mwezi ule wa Juni karakanani kulikuwa na kiti kimoja cha mvule, kipana, chenye mikono ya kupumzishia viwiko. Kilikuwa kimeagizwa na Ta Kahangwa, yaani Mzee Kahangwa, mkulima wa kahawa wa Kanazi, kwa ajili ya mama yake mzazi, Ma Kokubanza, aliyekuwa anatimiza miaka tisini. Jumapili kiti kingepelekwa kanisani kubarikiwa, ukoo mzima ukiwapo. Ta Kahangwa alikuwa pia mwenyekiti wa kamati iliyotafuta fundi wa kutengeneza mabenchi mapya ya kanisa, na alisema waziwazi kwamba kiti hiki ndicho kitakachoamua.

Alhamisi asubuhi fundi Avit alijiandaa kwenda Muleba kutazama mbao za mti wa msizi. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Joviana fimbo nyembamba ya mpingo, iliyokwisha kuchongwa pande nne.

"Kiti kina matundu kumi na sita," alisema. "Fimbo hii inatoa vizibo kumi na vinane. Viwili ni vya akiba. Mpingo huku kwetu haupatikani, na huyu mchonga vinyago anayeniletea kutoka Mwanza atakuja mwezi ujao. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Chonga kichwa kwanza, kikiwa bado kwenye fimbo. Kipige msasa mpaka king'ae. Ukiridhika ndipo ukate. Halafu unaanza kingine."

"Kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja. Ukimaliza, vigongomee mwenyewe. Taratibu."

Joviana aliipokea fimbo kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa kazi ya mteja.

Vizibo vitano vya mwanzo alivitengeneza kama alivyoagizwa, na vilipendeza. Lakini kila kimoja kilikula muda. Saa nne hivi, rafiki yake Edvina alichungulia mlangoni akiwa amevaa sketi ya netiboli.

"Wewe, mechi inaanza saa sita. Bado unasugua hivyo vijiti?"

Joviana akaitazama fimbo, akaupima muda kichwani. Kwa nini akate kimoja kimoja, wakati angeweza kuvikata vyote kwa mkupuo mmoja, kisha akavisugua vichwa? Akajiona mjanja kuliko baba yake. Akaikaza fimbo kwenye jiriwa, akaushika msumeno, na kufumba na kufumbua vipande kumi na vitatu vilikuwa mezani.

Hapo ndipo alipoanza kuelewa kwa nini baba yake hukata mwisho. Kipande kilikuwa kidogo kuliko ncha ya kidole. Akikishika kwa vidole, kilichomoka. Akikibana kwenye jiriwa, kilipasuka. Kingine kilisagwa na msasa upande mmoja, kikawa hakijai tena kwenye tundu. Alipofanikiwa kuviokoa saba, vidole vilikuwa vimechubuka na vipande sita vilikuwa vimeharibika kabisa.

Vitano na saba ni kumi na viwili. Vilipungua vinne, na mpingo ulikuwa umekwisha.

Joviana alikaa juu ya gogo akataka kulia. Mechi aliisahau, na Edvina naye hakwenda.

"Sasa utafanyaje?" Edvina aliuliza.

Macho ya Joviana yalikuwa yameangukia kwenye rundo la kuni. Katikati yake mlikuwa na tawi kavu la mbuni, yaani mti wa kahawa, lililotoka kwenye kibanja cha bibi yake, shamba lake kule Kaagya. Mbuni ni mti mgumu, nao hupigwa msasa ukang'aa. Tatizo lake ni rangi tu: ndani ni mweupe, wenye unjano kidogo.

Na mtoto gani wa Bukoba asiyejua dawa ya weupe? Utomvu wa mgomba ukigusa gauni, hautoki mpaka gauni limechakaa. Joviana alikinga utomvu kwenye kifuniko cha kopo, akauchanganya na masizi ya sufuria. Safari hii alichonga vichwa kwanza, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa. Akavipaka mchanganyiko ule, akavianika juani, akavipaka tena.

"Ebo! Vimekuwa mpingo mtupu," Edvina alishangilia. "Hata baba yako hatajua."

Joviana alitaka kucheka, ila kicheko hakikuja. Akavigongomea vile vinne nyuma ya egemeo, mahali ambapo macho ya watu hayafiki haraka.

Fundi Avit alirudi Ijumaa jioni akiwa amechoka. Alikizunguka kiti, akapitisha kiganja mbele, kwenye mikono na miguuni. Kisha akamgeukia binti yake kwa uso uliojaa furaha.

"Sasa naweza kuwaambia watu kwamba nina fundi mwenzangu," alisema.

Ni maneno ambayo Joviana alikuwa akiyasubiri tangu akiwa mdogo, na sasa yalimchoma. Usiku huo ndizi hazikushuka. Mama yake akadhani ni homa.

Jumamosi asubuhi walikipaka kiti mafuta ya kulainisha mbao. Baba alishughulikia mbele, Joviana akapewa nyuma. Alipopitisha kitambaa juu ya kizibo cha kwanza, kitambaa kilitoka na doa jeusi. Akajaribu cha pili. Vilevile. Mafuta yalikuwa yanayeyusha masizi! Akakikunja kitambaa upesi, akakitia mfukoni. Alitaka kusema. Badala yake akachukua kitambaa kingine, akaendelea kupaka akivikwepa vizibo.

Saa tano gari la Ta Kahangwa likasimama nje. Ma Kokubanza mwenyewe aliteremka, mfupi, amenyooka, ameshika bakora. Joviana akampigia magoti kumwamkia. Bibi akakaa kwenye kiti, akapumzisha viwiko, akafumba macho kwa raha.

"Wakola, Avit," alishukuru. "Hiki kimepimwa kwa mwili wangu."

Ta Kahangwa naye alionekana ameridhika. Bibi aliponyanyuka, mwanawe akakunjua shuka jipya, jeupe pepepe.

"Tukifunike, vumbi la njiani lisikiharibu," alisema. "Kesho tutalifunua shuka hili mbele ya padri, watu wakione."

Joviana akaona yote kwa mara moja: shuka linafunuliwa, madoa manne meusi, ukoo mzima umetoa macho, na jina la baba yake linatajwa. Yeye mwenyewe asingekuwepo. Hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

"Msifunike!" alipiga kelele.

Wote wakamgeukia. Akakitoa kitambaa mfukoni, akakikunjua mbele yao.

"Vizibo vinne vya nyuma si mpingo. Ni mbuni. Nilivipaka masizi na utomvu. Niliharibu mpingo kwa sababu nilikata kabla ya kuchonga. Baba hajui. Nisameheni, waitu, wazee wangu."

Fundi Avit alizunguka nyuma ya kiti, akasugua kizibo kimoja kwa kidole, akakitazama kidole chake. Aibu ilimjaa usoni, na Joviana alitamani ardhi immeze.

"Avit," Ta Kahangwa alisema kwa sauti nzito, "nilikuagiza mpingo."

"Uliagiza mpingo, ndiyo," fundi alijibu. "Kilichotoka karakanani kwangu ni changu, hata kama sikukifanya kwa mkono wangu. Kiti hiki hakiondoki kikiwa na uongo. Kuhusu mabenchi, sina la kujitetea."

Kabla mwanawe hajajibu, Ma Kokubanza akaingilia. "Ulisema mbuni? Mbuni wa wapi?"

"Wa kibanja cha bibi, Kaagya," Joviana alijibu kwa sauti ya chini.

"Hebu kwangueni nione."

Fundi Avit akakwangua kizibo kimoja kwa ncha ya patasi. Chini ya weusi ikatokea rangi ya njano nyepesi, safi, iliyoonekana vizuri juu ya hudhurungi ya mvule. Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mbao.

"Kahangwa, wewe na ndugu zako saba mmesoma kwa mti huu," alisema. "Mpingo mimi nimeuona kwenye viti vya watu. Mbuni nimeupalilia. Vitoeni hivi vinne vilivyopakwa, mniwekee mbuni ulio wazi, na padri aambiwe ni mbuni." Akamnyooshea Joviana bakora. "Atengeneze huyuhuyu. Mimi nitasubiri."

Fundi Avit alivitoboa vizibo vya uongo kwa keekee na kuvichokoa kwa patasi nyembamba. Joviana akachukua lile tawi la mbuni. Alichonga kichwa, akapiga msasa, akakata, akaanza kingine, huku Ta Kahangwa amesimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Hakuna aliyemharakisha. Alipogongomea cha nne, adhuhuri ilikuwa imepita.

Ta Kahangwa alivigusa kimoja kimoja. Hakusifu. Alichosema ni hiki: "Fundi, mabenchi njoo tuyazungumze Jumatatu. Kamati inahitaji mtu ambaye kasoro yake naambiwa hukohuko karakanani kwake, sio kuigundua kanisani mbele ya watu."

Gari lilipoondoka, Joviana alibaki amesimama, hathubutu kumtazama baba yake. Fundi Avit akamvuta, akamkalisha karibu naye.

"Mwanangu, kuharibu mpingo ni kujifunza kazi. Mimi nimeharibu mwingi kuliko wewe," alisema. "Ungeniambia jana ningekasirika, halafu tungetafuta njia. Lakini ulipopaka masizi, ulichukua imani ya mteja, na hiyo haiuzwi Mwanza wala popote. Leo umeirudisha kwa mdomo wako, kabla haijapotea. Kosa liseme likiwa bado dogo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Sitakuwa tena fundi mwenzako?"

Baba akawaza kidogo.

"Jana nilisema hivyo kwa sababu ya vizibo," alijibu. "Leo nasema hivyo kwa sababu yako."

Joviana akalia pale pale, kwa sauti, bila kuona haya.