Sauti Iliyokaa Sebuleni

Asubuhi ile ujuzi wa mji mzima wa Iringa ulikunjwa kama mkeka, ukatandikwa upya, na hakuna taa hata moja iliyopepesa. Imelda Kihwele alisimama nyuma ya kioo, kikombe cha chai mkononi, akitazama. Alikuwa mhandisi mkuu wa Ghala la Mwamba, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, na bado kila jambo hili lilipotokea alisahau kunywa chai.

Chini yake, ndani ya mwamba uliochongwa, vyumba vilishuka safu kwa safu mpaka macho yakachoka kufuata. Kila chumba kililaza kifurushi kimoja cha ujuzi. Hiki cha kuyapima maji ya Ruaha Ndogo, kile cha kuwafundisha roboti wa Kihesa kuchuma nyanya bila kuziminya. Havikuletwa na mtu kutoka mbali. Vilitungwa papa hapa, na watu wa hapa, kwa shida za hapa. Na juu ya vyumba vyote ulitanda ukumbi mpana wa mwanga ambao mafundi waliuita Sebule.

Sasa hapo ndipo wageni wengi walipopotea, nasi tusiwacheke. Mashine zote za mji, za kulima na za kupasua wagonjwa, zilitafuta ujuzi Sebuleni tu. Njia ya vyumbani hazikuijua. Lakini huko Sebuleni kwenyewe hakukuwa na ujuzi hata punje. Kulikuwa na vielekezi, yaani nyuzi za mwanga, kila uzi na jina lake, kila uzi ukishuka hadi kwenye chumba chake. Mashine ikiita "chuma nyanya", hushika uzi wenye jina hilo, na kufumba na kufumbua imefika kwa mwenye jina. Uzi wenyewe haujui nyanya wala pilipili. Ni kama jirani anayesimama mlangoni na kukuambia kwamba unayemtafuta yuko nyumba ile pale.

Uzuri wake ulikuwa huu. Kifurushi kipya kikija, hakimwagi vitu vyake kila pembe kama mgeni asiye na adabu. Hupewa chumba, kisha mashine iitwayo Mtandazi huzitandaza nyuzi zake. Kikizeeka, Mtandazi huzikunja, na Sebule hubaki safi kama vile hakikuwahi kuwepo. Basi mafundi walikuwa na msemo wao, kwamba Sebuleni hapalali mtu.

Ilipofika zamu ya kifurushi cha mwisho asubuhi hiyo, Mtandazi alisimama.

"Mkunga wa Nne hatandaziki," ilisema sauti yake tulivu. "Jina 'tuliza' limekaliwa. Kilichokalia si uzi, ni mwili wa ujuzi wenyewe. Sikukiweka mimi, na nisichokiweka sikigusi. Ama nyuzi zote zitapita, ama hautapita hata mmoja."

Imelda akakiweka kikombe chini. Hakuhitaji kuuliza ni mwili gani.

Mkunga alikuwa ujuzi wa wazalishaji-chuma, mashine zenye mikono laini zilizozalisha katika kila zahanati kuanzia mjini hadi Kalenga. Mkunga wa Tatu alijifunza kwa mama yake Imelda, Bi Skolastika, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa wilaya kabla mashine hazijaja. Walimvika glavu za nyaya, wakachukua mikono yake. Kisha wakachukua na sauti. Siku ya kuipangia sauti hiyo chumba, Bi Skolastika alisimama palepale kwenye kioo, mkono kiunoni, akauliza italazwa wapi. Walipomwonyesha, akatikisa kichwa.

"Mimi mnilaze stoo na magunia? Hata mbuzi wa mgeni halali stoo. Mtu mzima hukaribishwa sebuleni."

Nani angebishana naye? Wengi wa mafundi wale ni yeye aliyewapokea duniani. Walicheka, wakaona haya, wakaiweka sauti yake Sebuleni kwa mikono yao, mwili mzima, kwa jina la 'tuliza', bila uzi na bila chumba. Kanuni ilivunjwa kwa ajili ya heshima, na Imelda alikuwepo akicheka pamoja nao.

Sasa Bi Skolastika alikuwa amekwisha zikwa, lakini sauti haikuzikwa. Kila mwanamke aliyeshikwa na uchungu aliisikia ikitoka kwenye kifua cha mashine: "Pumua, mwanangu. Nipo. Sitoki hapa mpaka tuwe watatu." Imelda alikuwa na tabia ambayo hakumwambia mtu. Jioni akitoka kazini alipita nyuma ya wodi ya wazazi, akaegemea ukuta chini ya dirisha, akasikiliza. Kisha akaenda nyumbani kupika.

Kioo cha simu kikawaka. Alikuwa Daktari Sigfrida Mhema, mkuu wa wodi hiyo hiyo.

"Kamwene, mhandisi. Nimepata mama hapa, Yusta, uchungu umeanza. Uzazi wake wa kwanza alivuja damu tukadhani tumempoteza. Nimemwahidi Mkunga wa Nne. Yuko wapi?"

"Amekwama, daktari. Kuna kitu kinamzuia."

"Basi kiondoe." Daktari aliongeza taratibu, "Imelda, unajua wangapi walitutoka mikononi mwa wa Tatu. Si kosa la mama yako. Damu haikumpa mtu nafasi."

Alijua. Mkunga wa Nne alikuwa muujiza, na Imelda mwenyewe alikuwa amesimamia majaribio yake huku nywele zikimsisimka. "Tuliza" yake haikuwa maneno. Mashine ilishika kiganja cha mzazi, na kupitia ngozi ikaisoma damu yote mwilini, ikajua tone litakalotoroka kabla halijatoroka. Ukiondoa tuliza hiyo, hakuna Mkunga wa Nne. Na Sebuleni jina moja hubeba kitu kimoja tu.

Kwa fundi, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Utauhamisha mwili wa Sebuleni hadi chumba chake, jina litakuwa wazi, uzi mpya utapita. Hakuna kitakachofutwa. Bi Skolastika angelala salama chumbani, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Ila hapatakuwa na uzi wa kumwelekea, maana mashine za uzazi ziliita 'tuliza' tu, si jina jingine. Hakuna mashine ingemwita tena, kwa kuwa hakuna mashine ingejua kwamba yupo. Imelda alinyoosha mkono kwenye meza ya amri, ukabaki hewani. Aliurudisha. Akaunyoosha tena, akaurudisha tena, na safari hii akaukalia.

"Mtani," sauti ilisema nyuma yake, "unataga?"

Alikuwa Kolumba Ngonyani, fundi mzee wa nyuzi, Mngoni wa Songea. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu hadi wakachoka, na tangu hapo ni watani. Hutukanana bila kukasirika na huzikana. Kolumba aliusoma ujumbe wa Mtandazi kwenye kioo, akausoma na uso wa Imelda.

"Niache, Kolumba. Leo sina utani."

"Leo ndiyo siku yake. Kwani tangu lini mfiwa akachimba kaburi mwenyewe? Nyie Wahehe mna kiburi hata msibani. Sogea."

Akavua viatu. Akajilaza chali sakafuni, mzee mzima mwenye mvi, mbele ya meza ya amri, akafunga mikono kifuani. Watani ndivyo wafanyavyo makaburini, hulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka.

"Marehemu hashuki humu mpaka nipewe pombe ya ulanzi," alisema akiwa amefumba macho. "Na uwe mtogwa, ule mtamu, si ule mkali mnaowapa wageni ili waanguke."

"Amka, utapata baridi," alisema Imelda, na bila kutaka akacheka.

Kolumba akainuka. Aliweka mkono kiunoni, akatoa tumbo mbele, akatembea hatua za Bi Skolastika, zile za kuburuza mguu wa kushoto, akamwelekezea Mtandazi kidole. "Wewe mashine, umenawa mikono? Nimekuuliza umenawa? Na huyu binti yangu mbona amekonda, mnampa nini huko kazini, umeme?"

Ilikuwa yeye kabisa. Imelda alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alijua kesho yake jioni angemsikia tena. Kolumba hakumgusa. Alimgeuzia mgongo, akaketi mezani, akafanya kazi.

Kule chini jambo lilionekana. Nuru nzito ya rangi ya kaharabu, ambayo Imelda aliizoea Sebuleni kiasi cha kutoiona, iliinuka polepole kutoka mahali pake. Ilishuka ikipita safu baada ya safu, na kila chumba ilichokipita kiling'aa kidogo, kisha ikaingia katika chumba kitupu na kutulia. Mlango ukafungwa. Papo hapo nyuzi za Mkunga wa Nne zikafyatuka kwa pamoja, nyeupe, nyingi kuliko mvua, kila moja ikapata jina lake. Mafundi wote wawili walisimama wakashangaa, maana hata huzuni haikuweza kuuzuia mshangao ule.

"Mkunga wa Nne ametandazwa," alisema Mtandazi. "Sebule ni safi."

"Nenda," Kolumba alimwambia. "Ulanzi nitaudai baadaye. Nenda huko unakokwendaga jioni. Ulidhani hatujui?"

Safari hii hakuishia nyuma ya ukuta. Daktari Sigfrida alimpa vazi la wodi, akamwonyesha kitanda. Yusta alikuwa mwanamke mwembamba, jasho limemlowesha, na mashine ilikuwa imemshika kiganja kimoja. Haikusema kitu. Mikono yake mingine ilienda na kurudi kwa utulivu ambao hakuna mkunga wa damu na nyama angeufikia, na kwenye kioo mishipa yote ya Yusta ilichorwa kwa mwanga, mto mkubwa na vijito vyake.

"Mbona haiongei?" Yusta aliuliza, macho yamemtoka. "Uzazi wa kwanza iliongea na mimi. Kulikuwa na mama. Yule mama yuko wapi?"

Daktari alimtazama Imelda. Mashine haikujibu, kwa kuwa haikuwa tena na jina la kuiita sauti ile. Uchungu ukaja, Yusta akajikunja na kuanza kulia kwa woga, na kwenye kioo mto ule ukaanza kwenda mbio.

Imelda akakishika kiganja cha pili. Hakuwa mkunga. Hakuwahi kumzalisha hata paka.

"Pumua, mwanangu," alisema, akamsogelea sikioni, akaanza upya. "Pumua, mwanangu. Nipo. Sitoki hapa mpaka tuwe watatu."

Yusta akamgeukia. Aliyatafuta maneno yale usoni mwake, akapumua. Imelda akayasema tena, na tena, hadi hakujua ni mara ngapi. Kijito kimoja kwenye kioo kikawa chekundu kabla damu haijatoka, na mkono wa chuma ukawa umekwisha fika pale, ukabonyeza, kikarudi kuwa cheupe. Mtoto akalia, wa kike, mwenye hasira na dunia nzima.

Mashine ilimlaza kifuani kwa mama yake. Imelda alibaki ameshika kiganja, akirudia yale maneno kwa sauti ya chini, bila kusikia kwamba kazi imekwisha. Yusta alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu, akakibonyeza kiganja chake.

"Asante, mama," alisema taratibu. "Tumeshakuwa watatu. Sasa unaweza kwenda."